Mama Kadi na Mstari Mmoja wa Ukurasa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mama Kadi anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Ofisi ya kamusi itabaki na makabati yake, lakini tutaikosa kazi ya kumtafutia miwani iliyo kichwani kwake.

Alipoajiriwa alikabidhiwa kitenzi kimoja cha Kiingereza, "get", akaambiwa wiki mbili zinatosha. Waliosema hivyo hawakumjua. Kwake kila maana ilihitaji kadi yake, pamoja na sentensi iliyotamkwa na mtu halisi: kupata, kufika, kuelewa, hata kushikwa na mafua. Kadi zilifika mia nne na kumi na mbili. Nyingine aliziandikia jikoni, ndiyo maana siku moja mwalimu wa bintiye alipokea kadi ya mifano badala ya barua ya kuomba ruhusa. Mwalimu aliirudisha imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Sahihisho moja lilikuwa la haki, Mama Kadi akalitumia.

Kilichomnyima raha ni toleo la pili. Wiki ya kukagua kurasa bintiye alikuwa amelazwa hospitali, naye akatia saini harakaharaka. Kitabu kikatoka kikidai neno "get" lina asili ya Kilatini, ilhali lililetwa na watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwao "geta" ilikuwa kupata au kufikia. Kosa hilo lilimkaa rohoni miaka kumi na tisa. Aliapa hastaafu kabla ya kulifuta.

Mwezi uliopita, toleo la tatu likikaribia kwenda kuchapwa, mhariri mkuu alimwambia ukurasa umejaa. Maelezo sahihi yalihitaji mstari mmoja zaidi, kwa hiyo lazima kitu kitoke. Mama Kadi alitoa mfano alioupenda kuliko yote, aliouandika kando ya kitanda cha hospitali: binti yangu anaanza kupata nafuu.

"Huyo keshapona," alisema, akaukata. "Kosa ndilo bado."

Kadi ya mfano huo tuliiokota kwenye pipa la taka. Ijumaa atakabidhiwa ikiwa ndani ya fremu, na atakayemkabidhi ni binti mwenyewe, siku hizi mama wa watoto wawili.

Asante, mama yetu, kwa subira yako na kwa kutugombeza inavyostahili. Tunakuombea afya tele na asubuhi zisizo na haraka. Kitabu kimefika jana. Tumeusoma ukurasa wako mara tatu, hauna kosa.