Mto wa Kupigia Magoti

Wasikilizaji wapendwa, leo punguzeni kelele kidogo, maana namkumbuka mtu niliyemkosea. Alikuwa fundi vitasa. Alitengeneza vitasa, kufuli na makomeo kwa miaka thelathini na mmoja, na mtaani tulimwita Komeo. Amefariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na nne.

Kabla sijaendelea, mnijue vizuri. Sauti hii mliyoizoea ni ya mtu wa shaka. Ukinipa peremende, nakuuliza umeitia nini. Mama yangu husema siku niliyozaliwa nilimkagua mkunga kwanza, ndipo nikalia.

Siku ya kwanza kumwona Komeo alikuwa amepiga magoti kwenye saruji tupu, ghorofa yetu ya tatu, anabadilisha kitasa cha jirani. Mama akaingia ndani, akarudi na mto mdogo wa kiti, wa kijani, kona moja imeshonwa kwa uzi mwekundu. "Weka chini ya magoti, fundi. Magoti hayauzwi dukani." Akamwambia auchukue kabisa. Komeo akaupokea, akautia kwenye mkoba wa vifaa. Hakusema asante. Narudia, hakusema asante.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata, hodi! Komeo huyo, na kopo la mafuta na kitambaa. Akalainisha bawaba za mlango wetu, akakaza skrubu, akajaribu komeo mara tatu, akaaga. Wala hatukumwita. Mwezi uliofuata, tena. Na mwingine, tena. Mh! Nikasema huyu ana lake jambo. Fundi vitasa anakuja kuuchokonoa mlango wa mama mzee bila kuitwa, kwa lipi? Siku moja nikamzuia pale pale mlangoni.

"Fundi, unatafuta nini kwetu?"

Akanitazama taratibu. "Sitafuti kitu, mdogo wangu. Nimeshapata."

Jamani, jibu hilo ndilo lililonimaliza. Ameshapata nini? Nilikwenda jikoni nikahesabu vijiko. Vilikuwa vyote, na hapo nikashuku zaidi, kwa sababu mwizi mwerevu haanzi na vijiko.

Nikanunua kitasa kipya, nikakifunga mwenyewe. Nikamwonya mlinzi wa jengo, yule mtu asipande tena. Mlinzi akawaambia wapangaji, wapangaji wakaambiana, na kazi za Komeo kwenye jengo letu zikakatika. Kwa mdomo wangu huu huu. Mama alininunia wiki nzima. "Umemfukuza mtu kwa kuwa ana shukrani," alisema. Nikamjibu shukrani naijua ya mdomo, hii ya bisibisi siijui.

Na si mimi peke yangu. Hata mkewe alimshuku! Alinisimulia juzi: "Kila Jumamosi anatoka, kachana nywele, kopo mkononi. Nikasema hapa pana mwanamke. Nikamfuata. Nikamkuta zahanati, kwa muuguzi aliyewahi kumshona kidole, anakaza mlango wa kabati la dawa. Jumamosi nyingine yuko kwa dereva aliyempa lifti siku ya mvua. Nikarudi nyumbani naona haya." Ndivyo alivyokuwa Komeo. Neno asante lilimshinda kulitamka, lakini wema wako hakuusahau.

Sasa sikilizeni hapa. Miaka sita iliyopita, asubuhi, mama alianguka bafuni. Mimi nilikuwa kazini, kwenye kiti hiki hiki, nasoma matangazo. Jirani akamsikia anaita. Mlinzi akaleta ufunguo wa akiba, ukaingia, ukakataa kuzunguka. Kitasa nilichofunga mimi kiligoma, wasikilizaji. Kiligoma, na mama yangu yuko ndani. Mlinzi akameza aibu yake, akakimbia kumwita Komeo. Komeo akapanda ngazi zile, akatoa mto wa kijani, akapiga magoti juu yake. Baada ya dakika nne mlango ukafunguka. Daktari alituambia, nusu saa zaidi tungekuwa tunaongea mengine.

Mama yuko hai. Ananisikiliza sasa hivi. Shikamoo, mama.

Je, nilikwenda kumshukuru Komeo? Sikwenda. Niliona haya. Kila wiki mama ananiuliza, "Umeenda?" Namjibu, "Nitaenda." Miaka sita ya nitaenda, na kwake ni mitaa miwili tu kutoka hapa studio. Sasa sina pa kumpata.

Juzi, baada ya mazishi, nikaenda na kopo la mafuta. Nikaugusa mlango wake, bawaba zikapiga kelele nyumba nzima. Mganga hajigangi. Nikapiga magoti kwenye saruji nikaanza kazi. Mkewe akatoka, kakunja mikono.

"We nani? Nani kakuita? Unatafuta nini kwetu?"

Maneno yangu mwenyewe, yamenirudia. Nikamwambia, mimi ni mtoto wa yule mama wa mto. Alinisimamia anaitazama mikono yangu, utadhani namwibia skrubu. Kisha akaingia ndani. Nikajua anakwenda kuita majirani.

Akarudi na mto wa kijani, uzi mwekundu bado uko konani. Akautupa mbele yangu. "Weka chini ya magoti." Nililia, sifichi.

Mke wa Komeo, wewe na wanao, poleni sana. Mungu ampokee fundi wetu na awape nguvu. Na wewe msikilizaji, yupo mtu unayemwambia moyoni kila siku, nitaenda. Kama mlango wake uko karibu, izime redio hii sasa hivi uende, wala sitakasirika.

Mto niliurudisha. Jumamosi ya kwanza ya mwezi nakwenda tena, na mkewe ameshaniambia atanisimamia.