Wiki ya Dena

Mtumbwi wa kuvushia watu Sabaki haujaondoka ukingoni, na Dena, mkulima wa ng'ambo, alikuwa keshapandwa na hasira.

"Leo skuli ya misheni yafunga mwaka wa 1912," alimwambia Pranlal, mwenye duka aliyeketi mbele yangu. "Mwalimu kasimama mbele ya watu wote akanitaja jina. Ati binti yangu Mbeyu kaimba na kikundi mwaka mzima, na babake hajali kuja kumsikia!"

"Wazazi mliitwa kila wiki, mzee," akasema Pranlal.

"Nami nimekwenda kila wiki! Kila Jumwa, siku ya kupumzisha jembe, navuka mto huu."

Pranlal akahesabu kwa vidole. Wiki ya Wagiriama ni siku nne, ya misheni ni saba. "Wao huimba Ijumaa tu," akasema taratibu.

"Ndiyo maana nilikuwa nikikuta uwanja mtupu! Na siku nilizowakuta nalisimama nyuma, juani, kwani viti ni vya wenye viatu. Wewe ulikwenda mara ngapi?"

Pranlal akatazama maji. Nami nikayatazama, maana nina mtoto skuli hiyo hiyo.

"Sikwenda hata mara moja," akasema. "Lakini niliwapa ngoma ya kupigia gwaride."

"Na leo umetajwa?"

"Nimetajwa. Nasikia walinipigia makofi."

"Hata mimi nilikupigia," akasema Dena, na mtumbwi ukagota ng'ambo.