Mzee Ilale Kwanza na Amplifaya ya Shemeji

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, mkuu wetu wa meza ya majaribio atavua koti lake la kazi na kulitundika kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi mitatu katika karakana hii. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina lake kamili, lakini humu ndani, kuanzia mlinzi wa lango hadi meneja, tunamwita Mzee Ilale Kwanza, na sababu yake anaijua kila mteja aliyewahi kuja kwetu na haraka zake.

Transfoma yoyote tunayoisuka, iwe ya mashine ya kuchomelea au ya kuchajia betri, haitoki kwake mpaka iwe imewashwa na kubebeshwa mzigo wake wote tangu jioni hadi asubuhi ya pili. Mwambie mteja anasafiri, mwambie gari liko nje linanguruma, yeye ataweka kiganja juu ya chuma, atatikisa kichwa na kusema ilale kwanza. Meneja aliyepita aliwahi kumbembeleza aiachie moja mapema. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba meneja aende nayo mwenyewe kwa mteja akaichunge mpaka kesho yake. Ililala.

Alianza kazi kwa kusugua vibati vya chuma vya transfoma zilizoungua, kazi inayochafua hadi kope. Baadaye akapewa waya asuke, na mwaka wa kumi na mbili akakabidhiwa meza ya majaribio. Tangu hapo, kwa miaka ishirini na miwili, hakuna transfoma hata moja iliyopita mikononi mwake ikarudi imeungua. Si maneno yangu, daftari lipo.

Mwandishi wa wasifu huu husuka waya kwenye meza ya jirani, na kazi zake zimerudishwa mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Mzee hakugomba. Aliiweka transfoma yako mbele yako, kando yake akaweka kikombe cha chai, akaondoka zake. Ukiona chai, ujue umeharibu. Kuna mwezi mmoja nilikunywa chai mpaka wenzangu wakaanza kuniletea sukari.

Tulidhani ndivyo alivyozaliwa, mtu wa pole pole. Mwezi wa pili mwaka huu tukajua kumbe sivyo.

Aliomba ruhusa ya kutumia meza baada ya saa za kazi. Alitaka kutengeneza amplifaya ya gitaa ya mtindo wa zamani, ile ya valvu, zile taa za kioo zinazoanza kuwaka wekundu kabla sauti haijatoka. Amplifaya ya namna hiyo inahitaji transfoma mbili: moja ya kuchukua umeme ukutani na kuulisha mtambo, nyingine ya kuitoa sauti kwenye valvu na kuifikisha kwenye spika. Tulipomuuliza ni ya nani, akajibu ni ya mke wake. Tukacheka. Shemeji tunamjua kwa cherehani yake, na nusu ya makoti yetu ameyatia viraka yeye. Gitaa hatukuwahi kulisikia.

Ndipo akatusimulia, huku macho yake yakiwa kwenye waya. Miaka thelathini na mitano iliyopita, kabla hajatufikia, Shemeji alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi, na yeye alikuwa mchumba wake. Alimtengenezea amplifaya kwa mikono yake. Transfoma ya umeme aliitoa kwenye redio kuukuu. Ilikuwa ndogo mno kwa kazi ile, lakini ndiyo iliyokuwepo, na onyesho lilikuwa kesho yake. Aliijaribu nusu saa akaridhika. Katikati ya wimbo wa tatu, ukumbi umejaa, moshi ukafuka, kisha moto ukashika pazia la jukwaa. Hakuumia mtu, ila dansi iliishia hapo na watu wakatoka mbio, wengine wakicheka. Shemeji alirudi na gitaa lake, akaliweka juu ya kabati, na Mzee hakumwona tena akilishika. Walioana, wakalea watoto watatu, na jambo lile halikutajwa hata siku moja. Baada ya miezi michache tangu moto ule ndipo alipokuja kwetu kuomba kazi.

Sasa anastaafu na alitaka kurudisha alichokiunguza. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba ataitengeneza amplifaya na mke wake asiichomekee gitaa hata mara moja.

Basi akaanza kuchagua transfoma kama mtu anayechumbia upya. Wiki tatu nzima alipima umeme wa ukutani nyumbani kwake, asubuhi, mchana na jioni, akiandika nyuma ya kalenda. Transfoma za zamani zilisukwa kwa volti mia mbili ishirini. Kwake umeme ulikuwa unapanda hadi mia mbili arobaini na nne, na valvu zingepikika taratibu. Kwa hiyo tulisuka mpya ya kufaa ukuta ule, yenye chuma mara mbili ya kinachohitajika. Hapo hatukumbishia. Transfoma ya umeme iwe na kifua.

Kazi ilikuwa kwenye ile ya spika. Huko udogo hauleti moto, unabadilisha sauti. Yenye chuma kingi hupitisha kila kitu kikiwa safi. Yenye chuma kidogo hushiba mapema, na gitaa likipigwa kwa nguvu sauti huanza kukwaruza, na wapenzi wa mitambo ya zamani wanaufuata mkwaruzo huohuo. Mzee anayajua hayo kuliko sisi sote, lakini hofu haisomi mita. Alisuka tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Ile ndogo aliisuka kwa sababu mchoro wa zamani ulitaka hivyo, halafu akaiandika kwa chaki: HAIFAI.

Alhamisi iliyopita, saa ya chakula cha mchana, Shemeji alikuja na gitaa lake mkobani. Nilimpa chai, akaipokea kwa mikono miwili, na nikaziona ncha za vidole vyake vya kushoto. Zilikuwa ngumu, zina michirizi ya nyuzi.

Transfoma kubwa ikaunganishwa kwanza. Sauti ikatoka safi kama ya msoma taarifa ya habari. Shemeji akasema ni nzuri, kwa namna mtu anavyosifu zawadi ya soksi. Ya kati ikamtoa tabasamu dogo. Kisha akaionyesha ile yenye chaki akauliza ina nini. Mzee akamweleza habari za chuma na kushiba, akaeleza tena, huku ameishika kwa mikono miwili wala haiunganishi. Shemeji akalilaza gitaa mapajani.

"Mume wangu, mimi gitaa sikuliacha," akasema. "Nalipiga kila ukienda kazini. Ila wewe ukiliona tu, uso wako unakuwa wa mtu aliyefiwa. Nikaona nisikurudishe msibani kila jioni."

Ghafla kila mmoja wetu akawa na bisibisi ya kutafuta. Mzee alizima mtambo, akasubiri umeme uliobaki uishe, akaiunganisha ile ndogo. Shemeji akapiga ule wimbo wa tatu wa usiku wa moto, tangu mwanzo. Tuliujua kwa sababu Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya transfoma ya umeme, na ulipokaribia mahali pa moshi akakikandamiza. Wimbo ukapita hapo ukikwaruza vizuri, ukaenda mpaka mwisho wake. Akakitoa kiganja, akajifutia macho nacho. Tulilia na sisi, hakuna haja ya kuficha.

Shemeji akasema anaitaka nyumbani leo leo, na chaki isifutwe. Tukamgeukia Mzee, tukingoja yale maneno mawili. Akachomoa waya ukutani, akaibeba amplifaya mwenyewe, akaipeleka hadi langoni.

Mzee wetu, asante kwa transfoma zote ulizozilaza, kwa mashine za watu zisizoungua, na kwa chai. Umetufundisha kazi bila kutudhalilisha, na tutakukosa kila tutakapomaliza kitu tukidhani kimemalizika. Meza yako tutaitunza na wateja wataendelea kusubiri. Kwenye daftari lako, kazi ya mwisho uliyoiandika ina jina la mke wako, na safu ya saa ilizolala umeiacha wazi. Tumekubaliana kutoijaza. Nenda salama, na tunawatakia wewe na Shemeji jioni nyingi zenye kelele.