Kitambaa Kikavu cha Bwana Nishiwaki

Tarehe 31 Machi 1982, king'ora cha jioni kitakapolia, Bwana Nishiwaki Tamekichi, mkuu wa karakana ya kalafati, yaani ya kuziba matundu yanayovuja, atavua kofia yake ya kazi na kustaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Ndege ya Shiomi kwa miaka arobaini na mmoja na nusu. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema ofisa utumishi, "wewe ndiye uliyegombana naye muda mrefu kuliko wote." Ni kweli. Mimi ni wa karakana ya rangi. Ndege haiingii kwetu mpaka yeye aseme haivuji, naye hana mazoea ya kusema hivyo upesi.

Bwana Nishiwaki alizaliwa pwani ya Harima, mtoto wa mchemsha chumvi. Mtu angedhani mtoto wa namna hiyo hunyonya bahari pamoja na maziwa. Yeye alitumbukia kwenye mfereji wa maji ya chumvi akiwa mdogo, akatolewa na shangazi yake kwa ndoana ya kuvutia magunia, na tangu siku hiyo hakuingia kwenye maji yaliyozidi kina cha beseni la kuogea. Mwaka 1940, akiwa na miaka kumi na mitano, akaja kuomba kazi kwenye kiwanda cha ndege boti, yaani ndege zinazotua na kuruka juu ya maji. Hatujapata kuelewa alikuwa anafikiria nini. Ukimuuliza, anasema kiwanda kilikuwa karibu na nyumbani.

Siku hizo kampuni ilikuwa inaunda ndege kubwa za jeshi la majini, zenye injini nne na tumbo refu la kuelea. Tumbo hilo ni mabati ya alumini yaliyoshonwa kwa ribiti, vile vipingili vya chuma vya kuungia mabati, maelfu kwa maelfu, na kila tundu la ribiti ni mlango wa bahari. Viwanda vingine vilikokota ndege zao kwa ng'ombe hadi uwanjani. Sisi tulikuwa na mteremko wa zege uliozama moja kwa moja majini. Ndege za mwanzo zilipoanza kukimbia zilijirushia maji kwenye mapanga ya injini zake. Wahandisi wakabandika vipande viwili virefu chini ya pua ili kuyalaza maji hayo. Mafundi wakavitazama, wakaviita samaki mkavu kwa jinsi vilivyofanana naye, na jina likawashinda wahandisi.

Mkuu wa kalafati alikuwa Fundi Kuwabara, mtu wa sauti kubwa na suruali yenye viraka. Yeye ndiye aliyemfundisha Nishiwaki kazi. Njia yake haijabadilika hadi leo: ndege huinuliwa juu ya magogo, tumbo hujazwa maji kwa ndani, na mafundi hulala chali chini yake wakiwa na chaki. Palipo na tone huzungushiwa duara. Maji hutolewa, penye duara huzibwa, dawa ya kuzibia huachwa ikauke, kisha tumbo hujazwa tena. Mara mbili, kila ndege. Kuwabara aliongeza desturi yake mwenyewe. Fundi aliyeongoza kuziba ndege alipaswa kupanda siku ya kwanza inapoingia baharini, akae chini kabisa juu ya mkuku, ule uti wa chini wa tumbo, akiwa na kitambaa cha pamba kile tunachojifunga kichwani. Ndege ikisharuka na kutua, anapangusa sakafu. Akishuka anakionyesha kitambaa mbele ya wote, na kikiwa kikavu kinatundikwa kwenye boriti ya karakana. "Kama unaziamini ribiti zako," alikuwa akisema, "kazikalie."

Vita vilipochacha, desturi nyingi zilikufa. Alumini ilikuwa adimu, nyumba zikaombwa masufuria yake, na wasichana wa shule wakaletwa na vitambaa vyeupe kichwani kugonga ribiti badala ya wanaume waliopelekwa vitani. Ndege boti zenyewe zikapunguzwa ili ziundwe ndege ndogo za kupigana. Mwanzoni mwa 1945 ilibaki moja kwenye magogo, na kwa kuwa hapakuwa na watu, Nishiwaki, kijana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyepewa kuongoza uzibaji wake. Ilijazwa maji mara ya kwanza, ikazibwa. Kabla ya mara ya pili akaja ofisa wa jeshi akasema vita havisubiri dawa ikauke, ndege ishushwe asubuhi hiyo hiyo.

Zamu ya kupanda ilikuwa ya Nishiwaki. Walioshuhudia wanasema alisimama kwenye mteremko na kitambaa mkononi, hapigi hatua. Fundi Kuwabara akakipokonya. "Baki hapa. Hujui kuogelea, utanilowanishia sakafu." Watu wakacheka. Ndege ikakimbia, ikaruka, ikazunguka nyuma ya kisiwa cha Awaji, na haikuonekana tena. Wiki zile ndege za adui zilikuwa zinapita juu ya bahari yetu kila siku. Huenda waliidungua. Huenda ilitua ikajaa maji. Jeshi halikusema neno, na mwezi Juni mabomu yakaiteketeza karakana pamoja na vitambaa vyote vilivyokuwa kwenye boriti.

Vita vilipokwisha, washindi walipiga marufuku kuunda ndege, na kampuni ikageukia vyombo vya jikoni. Mabati yaliyobaki yalifinyangwa kuwa sufuria, na akina mama waliotoa sufuria zao kwa ajili ya ndege wakazinunua upya. Nishiwaki alijaza maji kila sufuria kabla ya kuiruhusu itoke mlangoni, jambo ambalo meneja wa wakati huo aliliona ni wazimu. Baadaye tuliunda malori ya mchanga, kisha yale malori ya kunyonya vyoo. Hapo hakuna aliyemwita mwendawazimu. Alikalafati matangi yake kwa moyo ule ule, na mji mzima ulikuwa na sababu ya kumshukuru, ingawa hakuna aliyejitokeza kumkumbatia.

Katikati ya miaka ya sitini kampuni ikapata tena kazi ya ndege boti, safari hii za uokoaji, zinazotua katikati ya bahari kumchukua mvuvi aliyevunjika mguu au mama mjamzito wa kisiwa kisicho na hospitali. Nishiwaki akafanywa mkuu wa kalafati, akafufua maji, chaki na kitambaa. Boriti ya karakana ina vitambaa tena. Kila kimoja kina jina la fundi aliyepanda, na jina la Nishiwaki halimo hata mara moja.

Sababu alizotoa zinajulikana kwa wote. Mara jino, mara tumbo. Jamaa za mkewe wamezikwa kwa wingi kiasi kwamba baadhi yao, kwa hesabu zetu, wamekufa mara mbili. Alipofika miaka hamsini akajiandikisha kwenye bwawa la mji kujifunza kuogelea, pamoja na watoto wa darasa la pili, naye akavalishwa kofia ya njano kama wao. Alifuzu. Tukangoja. Ndege iliyofuata iliposhushwa, akasema ana mafua.

Tulidhani ni woga wa maji, na tulimtania sana, mimi nikiwa mstari wa mbele. Nilijua ukweli Agosti iliyopita, siku za kuwakumbuka wafu, alipoomba nimpeleke kwa gari langu kijijini kwa mjane wa Kuwabara. Humpelekea tikiti maji kila mwaka. Aliliweka mbele ya picha ya marehemu, akainamisha kichwa mpaka kwenye mkeka, akabaki hivyo. Mama yule, ambaye sasa ni bibi kizee anayesikia kwa sikio moja, alimtazama akachoka.

"Tame," akasema, "unadhani ni ribiti zako zilizomuua?"

Mimi nilitazama chai yangu.

"Hata mimi sijui," mama akaendelea. "Hakuna ajuaye, na hakuna atakayejua. Ila mume wangu nilimjua mimi. Alipanda kwa sababu alipenda kupanda. Hata ungekuwa bingwa wa kuogelea angekusukuma akapita. Miaka yote hii unaniletea tikiti na uso wa matanga. Tikiti lete. Uso uache kwako."

Njiani kurudi tulipita darajani. Kisha akasema ndege inayofuata atapanda. Niliona haya kwa utani wangu wote wa nyuma, nikamwambia basi aharakishe, maana rangi yetu inakaukia kwenye makopo.

Ndege hiyo ndiyo iliyopo karakanani hivi sasa, na habari kwamba atapanda zilienea upesi. Ilipangwa kuingia baharini tarehe 24 Machi, wiki moja kabla ya kustaafu kwake. Mkewe akamshonea kitambaa kipya cha buluu. Vijana wa kalafati walifanya kazi kwa bidii ambayo sisi wa rangi hatujapata kuiona, wala hatutarajii kuiona tena. Maji ya kwanza yalitoa maduara machache, yakazibwa. Kwenye maji ya pili watu waliacha kazi zao wakaja kutazama. Ilionekana kavu tupu. Kijana Tsukamoto, atakayerithi ukuu wa karakana, alitambaa kutoka chini ya tumbo akitabasamu.

"Safi, mkuu! Hamna kitu."

Bwana Nishiwaki akamtazama, kisha akasema polepole, "Tsukamoto, mbona mkono wa shati lako umelowa?"

Tsukamoto akauficha mkono nyuma kama mwizi wa maandazi. Mzee akalala chali, akajivuta hadi pale kijana alipotokea, akangoja. Sote tulingoja. Tone likaja, dogo kuliko punje ya mchele, likaning'inia kwenye ribiti moja karibu na mkuku. Hakuna ndege iliyowahi kuzama kwa tone la namna ile. Kila aliyekuwepo alilijua hilo, na yeye alilijua zaidi yetu. Kuziba, kukausha na kujaza maji tena kungeisogeza siku ya bahari hadi Aprili, naye ifikapo Aprili hatakuwa mfanyakazi tena.

"Mkuu, liacheni hilo," Tsukamoto akasema. "Ni moja tu. Nitaliziba baadaye. Pandeni kwanza."

"Mwaka ule pia alikuwepo mtu mwenye haraka," akajibu Bwana Nishiwaki. Akachomoa chaki sikioni na kulizungushia duara.

Hakukasirika, na hakumwandikia kijana onyo. Alimpa shati lake kavu, akaomba radhi kwa karakana ya rangi kwa ucheleweshaji, akaenda kula wali wake na ume, lile tunda chachu la chumvi, kama kawaida. Mimi nilirudi kwenye makopo yangu. Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kulalamikia, na ilinisumbua mchana kutwa.

Mafanikio mengine ya Bwana Nishiwaki yapo kwenye kumbukumbu za kampuni: nishani ya usalama, mafundi aliowalea, na ndege zetu za uokoaji ambazo mpaka leo hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kuvuja. Wenye kutaka kuyasoma wakayasome huko. Mimi nilitaka ijulikane habari ya tone.

Dawa imekauka. Juzi tumbo lilijazwa maji kwa mara ya tatu, na safari hii Tsukamoto alivaa shati lililokatwa mikono ili asishukiwe. Halikutoa kitu. Ndege itashushwa tarehe 9 Aprili. Kanuni za usalama zinasema hapandi asiyehusika, lakini baada ya maofisa wa usalama kutembelewa na karakana nzima ya kalafati wakati wa chakula cha mchana, wamekubali kwamba anayehusika anaweza pia kuwa mgeni. Nafasi ya chini juu ya mkuku imeachwa wazi kwa ajili yake. Mama Kuwabara naye atakuwepo. Nitakwenda kumchukua kwa gari, na ameagiza Bwana Nishiwaki aje bila uso ule wa matanga.

Bwana Nishiwaki, asante kwa kila siku uliyotucheleweshea. Wafanyakazi wote wa Shiomi wanakuombea uzee wenye afya, nyumba isiyovuja na usingizi usio na king'ora. Ukishuka kwenye ndege, tuonyeshe kitambaa. Kikiwa kikavu, msumari wake tumeshaupigilia kwenye boriti. Kikiwa kimelowa, chaki ipo, na sisi wa rangi tutasubiri.

Mizobuchi Eikichi
Karakana ya Rangi