Mungu Alipokosa Kiti Norwich

Sogeeni wanangu, Keturah na wewe Ambrose, na acheni kutazama mlango, daktari haji tena na mimi sina pumzi ya kurudia maneno. Nyumba hii na vitambaa nilivyofuma vikabaki ni vya Keturah aliyeniuguza. Ambrose amepewa kanisa na Askofu, linamtosha. Kinachoninyima usingizi ni ule utenzi wangu.

Mnaujua. Mungu anakuja ibadani hapa Norwich Jumapili na viatu vilivyotoboka, anakuta kila kiti kimezungushiwa ubao wenye mlango, na kila mlango una ufunguo wa tajiri aliyekikodi, na mzee wa kanisa anamsukumia nyuma akasimame na maskini. Huko anawauliza habari za moto wa milele, wanamwambia umewashwa kwa ajili yao, anashtuka, anasema, “Mimi sikuuwasha.” Kwa mstari huo nililala gerezani, mama yenu akiniletea mkate huku ana mimba yako, Ambrose, na kasisi Pettingale aliyenishitaki sijamsamehe, msije mkanizushia kaburini kwamba nilimsamehe.

Sasa wachapaji wa London wanauchapa bila ruhusa, na Ambrose anataka mahakama iwazuie. Lakini jaji halindi maandishi yanayoitukana dini, ndiyo maana Ambrose kaniletea kiapo nitie sahihi, kwamba ulikuwa mzaha wa ujana, na moto ule naukubali. Asubuhi kaniambia, “Baba, ni jina lako tu. Nifikirie na mimi, watanicheka mimbarini.” Nakufikiria, mwanangu, na inaniuma, lakini ule haukuwa mzaha. Nilicheka, ndiyo, kwa sababu hasira ilikuwa imenijaa.

Nikishafumba macho, Keturah, nenda wewe kwa jaji, umwambie baba alimaanisha kila ubeti. Atafoka, atasema uchafu ule hauwezi kuwa mali ya mtu. Mwache aseme. Hapo kila mwenye mtambo atauchapa apendavyo, na kila mfumaji wa mji huu atausoma.

Nizikeni bila kengele. Ambrose, nakubariki, kahubiri vizuri, ila usiwatishe watoto. Keturah, nawe... nakubariki, mama. Mkono umekufa ganzi. Nani ananishika? Ambrose, hiyo ni kalamu ya kiapo chako. Nimeshasema... Keturah, itoe. Itoe, kisha unifumbe vidole, uvishike hivyo hivyo mpaka vipoe.