Shangazi na Magurudumu ya Gari la Macho

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi mkuu wa karakana ya hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kazi. Miezi hiyo minne ameniagiza niitaje, kwa kuwa nayo aliitolea jasho. Ameniagiza pia nisimsifu kupita kiasi. Hilo la pili sikumwahidi.

Humu ndani hakuna anayemwita kwa jina lake. Siku aliyoripoti kazini, mtunza stoo, ambaye ni mtoto wa kaka yake, alimwamkia mbele ya watu wote: "Shikamoo, Shangazi." Ikawa basi. Kufikia saa nne asubuhi hata mkuu wa karakana wa wakati ule, mzee mwenye wajukuu, alikuwa anamwita Shangazi. Mkurugenzi wetu wa sasa, ambaye kwenye vikao humtaja kila mtu kwa cheo chake, naye humwita Shangazi, kisha hukohoa kidogo.

Siku hiyohiyo ya kwanza walimpa nati iliyoshika kutu kwenye gari la wagonjwa. Wanaume watatu walikuwa wameshindwa nayo. Akaimwagia mafuta, akanawa mikono, akaenda kunywa chai. Aliporudi aliigonga mara mbili, akaifungua kwa mkono mmoja. Wale watatu walidai kwamba wao ndio walioilegeza. Wanadai hivyo mpaka leo, na wawili wao wameshastaafu.

Alianza kama fundi msaidizi, na baada ya miaka tisa akawa fundi mkuu. Jenereta ya chumba cha upasuaji, viti vya wagonjwa, vitanda vya wodi, pampu ya maji, vyote vimepita mikononi mwake, na vingi bado vinafanya kazi kwa sababu vinamwogopa. Ndiye aliyeanzisha kadi ya safari, ile karatasi ngumu inayoning'inia kwenye kioo cha kila gari ikimwambia dereva akague nini na wapi. Sisi madereva tuliipokea kadi hiyo kama mtoto anavyopokea dawa chungu. Mimi nilikuwa kinara wa wapinzani, nakiri.

Ana udhaifu mmoja, nao ni rangi. Shangazi hawezi kuona chuma kitupu akalala. Walipomaliza kupaka vitanda vya wodi alibakiwa na makopo kadhaa ya rangi ya kijivu, na tangu hapo jeki ni ya kijivu, ndoo ni za kijivu, mlango wa stoo ni wa kijivu. Mlinzi wa lango alikalia kiti chake rangi ikiwa mbichi, akamaliza zamu nzima na mistari mitatu nyuma ya suruali, na sisi, watu wema, hatukumwambia.

Rangi hiyohiyo ndiyo inayonileta kwenye habari ya gari la macho. Leo naweza kuieleza nikicheka. Mwezi wa tatu nisingeweza.

Gari la macho ni lile kuukuu ninaloliendesha mimi, linalompeleka daktari wa macho na wauguzi wawili kwenye zahanati za mbali kila Jumatatu. Injini yake ni nzima. Tatizo lilikuwa rimu. Mbili zilikuwa na nyufa, zimechomelewa hata hazina tena pa kuchomelewa, na za aina yake hazitengenezwi siku hizi. Kamati ikasema gari lifutwe. Kulifuta kulikuwa na maana moja tu: watu wasioona vizuri ndio wangelazimika kusafiri kutufuata sisi.

Nyuma ya jiko kulikuwa na gari jingine, jipya kuliko hilo, lililoangukiwa na mti. Mwili wake ulikuwa umekwisha, ila magurudumu yalikuwa salama. Kasoro ilikuwa matundu. Yalikuwa sita kama ya gari la macho, lakini yameachana zaidi. Mtunza stoo alipendekeza yatanuliwe kwa drili. Shangazi alimnyang'anya drili ikakaa kwake wiki nzima.

Yeye aliagiza adapta, tano, moja ikiwa ya akiba. Kwa ambaye hajawahi kuiona, adapta ni bamba nene la chuma lenye duara mbili za matundu. Duara moja hufungwa kwenye bolti za gari lenyewe, na nyingine ina bolti zake za kupokea gurudumu geni. Ni mshenga kati ya watu wawili wasioelewana. Shangazi alipima kila kitu. Alihakikisha bolti za gari hazichomozi nje ya bamba zikazuia gurudumu lisikae sawasawa. Ili kujua kama matairi yatagusa bodi, alimwita mpishi, walinzi wawili na mtunza stoo wakae garini kama mzigo, halafu akaniamuru nikate usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Mpishi aliuliza kwa nini yeye ndiye aliyeitwa wa kwanza.

Kila kitu kilikuwa barabara. Kisha, kwa mapenzi yake, Shangazi alizivua adapta na, kabla ya kuzifunga tena, akazipaka rangi ya kijivu mikono mitatu, nyuma na mbele, zisije zikaota kutu.

Jumatatu tukaondoka. Kadi kwenye kioo iliandikwa kwa herufi kubwa: "KILOMITA HAMSINI. SIMAMA. VUA MAGURUDUMU YOTE. KAZA NATI ZA ADAPTA. RUDISHA. KAZA TENA." Nati za adapta hujificha nyuma ya gurudumu, hivyo huwezi kuzifikia bila kulivua. Magurudumu manne, kwenye vumbi, na sisi tumechelewa. Niseme kweli, niliipita kilomita ya hamsini nikitazama mbele kama mtu asiyejua kusoma. Aliyetuokoa ni daktari wa macho, ambaye husoma kwa sauti kila kilicho mbele yake, kibao au tangazo, nadhani ni ugonjwa wa kazi. Akaisoma kadi yote, mpaka nukta. Kisha akaisoma tena. Kwenye kilomita ya hamsini na tatu nilisimama kwa aibu.

Muda mfupi tu baada ya sisi kuondoka, huku karakanani Shangazi alikuwa ameweka spana kwenye ile adapta ya tano. Alikuwa ameifunga mezani siku ya Ijumaa ili kuwaonyesha mafundi wenzake, kwa kipimo kilekile cha kukazia. Nati ikazunguka karibu nusu mzunguko ndipo ikashika. Hapo akaelewa. Rangi chini ya nati, na rangi kati ya bamba na chuma inapofungwa, husagika. Ikishasagika hubaki nafasi, na nati iliyokazwa vizuri inakuwa haijakazwa. Alinipigia simu mara kumi na moja. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya miwani ya wagonjwa. Akamwambia mtunza stoo awashe pikipiki, akapanda nyuma na spana magotini.

Walitukuta kando ya barabara. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa chini, mimi nimekunja mikono ya shati, muuguzi mmoja ameshika sahani ya chuma ya vifaa ikiwa na nati ndani yake. Kati ya nati sita za adapta ile, nne nilikuwa nimezizungusha kwa vidole. Shangazi alishuka kwenye pikipiki, akatuhesabu kwa kidole: daktari, muuguzi, muuguzi, dereva. Halafu akakaa chini pale kwenye majani, akajifunika uso kwa viganja vyake vyenye grisi, akalia. Alipomaliza alifuta macho, akanitazama, akasema, "Na hiyo jeki umeiwekaje kwenye udongo laini namna hiyo, baba?" Sijawahi kufurahi kugombezwa kama siku ile.

Tulikwangua rangi yote kwa msasa aliokuja nao, hadi chuma king'ae, tukafunga upya kwa kipimo. Saa sita mchana tulifika zahanati. Wagonjwa walikuwa bado kwenye benchi. Bibi mmoja alituuliza kama tumelala njiani.

Waliojua habari ile tulikuwa sita, na wote tulikubaliana tuifukie. Ilikuwa imebaki miezi mitatu astaafu. Nilimwambia, Shangazi, yaliyopita si ndwele. Hakunisikiliza. Aliandika barua kwa mkono wake: "Kosa ni langu. Nilipaka rangi pasipopakwa rangi." Akaipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi, akiwa amevaa nguo zake nzuri, tayari kuambiwa asisubiri Juni. Mtunza stoo na mimi tulingoja nje tukijifanya tunakagua bomba.

Mkurugenzi aliisoma barua mara mbili. Akauliza swali moja tu, kama hitilafu hiyo ingegunduliwa na mtu mwingine yeyote humu ndani. Kisha akaagiza barua ile iwe ukurasa wa kwanza wa daftari la mafundi, na gari lipelekwe kwa wakaguzi. Lilipita. Shangazi alitoka akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, akatuambia bomba lile halijawahi kupitisha maji.

Lakini bado hakuwa na amani. Alikataa kusaini fomu za kustaafu mpaka apande gari hilo yeye mwenyewe, safari nzima, kiti cha nyuma, juu ya gurudumu. Jumatatu iliyopita alipanda. Wakati wa kwenda alikaa wima, shingo imeinama upande, akisikiliza. Kilomita ya hamsini tulisimama, bila kusomewa, tukavua yote manne, akaweka spana kwenye kila nati kwa mkono wake. Nati ishirini na nne za adapta. Hakuna iliyosogea hata kidogo.

Wakati wa kurudi nilisikia sauti ngeni, nikashtuka, nikapunguza mwendo. Ilikuwa inatoka kiti cha nyuma. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini na moja hajawahi kukaa ndani ya gari bila kulisikiliza alikuwa amelala fofofo, kichwa begani kwa muuguzi, akikoroma. Tulipofika nilizima injini nje ya lango. Mlinzi alifungua, daktari akamwonyesha kidole mdomoni. Tulikaa naye humo sisi wanne karibu nusu saa.

Shangazi, ahsante kwa kuturudisha nyumbani kila mara. Tunakuombea afya, siku ndefu na usingizi kama ule. Wewe lala. Nati tutakaza sisi.