Mama Bado na Pazia la Mesoni

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi mliofanya naye kazi maabara, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye ninyi wa kazini mlimwita Mama Bado, nami nitayasoma kama alivyotaka, bila kuruka mahali panapouma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa kifungua mimba wa baba mpima ardhi na mama mshonaji, na wateja wa mama wanakumbuka jinsi alivyowakatiza walipoanza kumtajia kiuno wanachojivunia, akiwaambia, "Usiniambie unavyopenda kuwa, simama nikupime," maneno ambayo mtoto aliyekaa chini ya cherehani akiokota pini aliyashika kuliko sisi wote.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1964, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1976, akapata shahada ya fizikia mwaka 1980 na ya udaktari mwaka 1986, na tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo akaajiriwa katika maabara ya chembe ndogo, kwenye chumba cha ghorofa ya chini chenye dirisha linalotazama mabomba ya maji ya kupozea mitambo, chumba alichokikalia hadi alipostaafu.

Wengi mliuliza alikuwa akifanya nini humo, naye hakuchoka kueleza, kwamba kila chembe ya mata ina pacha wake wa antimata, kwamba wawili hao wakikutana huangamizana, na kwamba mwanzo wa ulimwengu walikuwa sawasawa, kwa hiyo ilipaswa kisibaki kitu, lakini tumebaki sisi, makombo ya karamu hiyo, na hakuna ajuaye sawasawa kwa nini. Yeye alitafuta jibu katika chembe ziitwazo mesoni za haiba, ambazo huishi muda mfupi kuliko kupepesa jicho kisha huvunjika, na katika mamilioni ya kuvunjika kwake alingoja zile chache zinazovunjika kwa njia adimu, azihesabu, ahesabu na za pacha wake, aone kama upande mmoja umeuzidi mwingine hata kwa unywele. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Mwanangu anahesabu visivyoonekana, na anasema havijatosha," na kila aliyemuuliza kama tofauti imepatikana alijibiwa neno moja, "Bado," hata likawa jina lake.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi wa mitambo ya kupoza ya maabara hiyohiyo, shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, aliyesema siku ile kwamba anaoa mwanamke anayetafuta asichokijua, sharti asikitafute mifukoni mwake, na wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1989 ambaye sasa ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa mwaka 1992 ambaye ni seremala. Mwaka 2003 nyumba yao iliongezeka mtoto wa tatu, mwanafunzi wake wa udaktari wa fizikia, kijana mwenye akili nyingi na maneno mengi zaidi, ambaye watoto walimpa jina la Chiriku, akala mezani pao, akalala chumba cha mwana, akamwita marehemu Mama, na marehemu akaitika.

Hapa ni lazima nieleze desturi moja ya kazi yao, kwamba anayepima huweza kupenda jibu fulani na mkono wake ukalifuata bila yeye kujua, kwa hiyo kompyuta huwekewa pazia linaloficha jibu mpaka kila kanuni ya kuchagua chembe imekubaliwa, ndipo wote hulifunua pamoja, na pazia la kundi lake lilikuwa na funguo mbili, yaani maneno mawili ya siri, moja lake, jingine la Chiriku. Mwezi Juni 2009 mama yetu alifariki, dada akaja kuzika, na tarehe 18, tukiwa bado kaburini na udongo haujasawazishwa, simu yake ililia, Chiriku akamwambia, "Mama, kompyuta ya zamani inakufa, tusipohamisha hesabu leo tumepoteza zote, nipe ufunguo wako," naye akasogea pembeni, akafuta macho, akampa.

Chiriku hakuhamisha tu, alichungulia, akaona tofauti ndogo imeanza kujitokeza, akapanga kanuni upya zikaikuza, kisha akalishusha pazia kama lilivyokuwa, na tarehe 4 Desemba walipolifunua mbele ya wenzao ukumbi ulipiga makofi, na dada yetu, ambaye kwa miaka yote alisema bado, akasimama kwa mara ya kwanza akasema imepatikana. Mwaka 2011 zilipokuja hesabu mpya tofauti ile iliyeyuka, akazirudia kanuni moja moja, akaona zimelibana jibu kama nguo iliyoshonewa mwilini, akamfuata Chiriku kantini akamuuliza kama alichungulia, naye akakoroga chai yake akajibu, "Nilitaka tu nijue kama hatupotezi muda, Mama." Mbele ya kamati ya maabara iliyoitwa kuchunguza, jibu hilo halikuonekana tena, alisema ufunguo uliotumika ni wa bosi wake na yeye alifuata alichoagizwa, na dada yetu alipoeleza kwamba saa ile alikuwa akimzika mama yake, kamati ikasema mwenye ufunguo ndiye mwenye dhamana, ikamwondolea uongozi wa kundi, na wengi wenu mlioko hapa mlikuwa mkimpita kwenye korido mkitazama sakafu.

Hakuhama, akarudi chumbani kwake na wanafunzi wawili ambao hakuna aliyewataka, akaanza upya, na tarehe 21 Machi 2016 walifunua pazia ambalo hakuna aliyelichungulia, wakakuta pande mbili ziko sawa, hakuna tofauti iliyoonekana, na kwa njia ile adimu hakuna aliyewahi kupima kwa usahihi unaowapita, akaja nyumbani akamwambia shemeji, "Nimepata hapana yangu mwenyewe," akalala hadi jua likapanda.

Alistaafu mwaka 2019, akaanza kuugua mapafu Novemba 2020, akatibiwa hospitali kuu, na Chiriku, ambaye leo anaongoza kundi kubwa kuliko lile, alituma maua mara mbili, yakawekwa dirishani, hakuyatupa wala hakuyanusa. Asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2021 shemeji alimuuliza taratibu kama amemsamehe, akafikiri kama alivyofikiri kila swali, akajibu, "Bado," na kabla ya adhuhuri akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuachia milango wazi, na wanafunzi wake wawili waliobeba jeneza. Wafanyakazi wenzake tunawashukuru kwa kufika, na mwanangu Chiriku, uliyekaa safu ya tatu, nawe umekaribishwa kiti kama wengine, ila usituombe sisi tukujibie alichoacha hajakijibu, kwa sababu huyu alitufundisha kutomsemea mtu.

Dada, hesabu zako ziko kama ulivyoziacha, hakuna atakayezigusa. Pumzika kwa amani.